Bangili ya chuma ya kuandikisha Kariakoo kwa sisi wa warfarin: inafaa, ila kagua kufuli

Nianze na jibu mana najua wengine mnataka bei tu muondoke. Bangili ya stenlesi ya kuandikwa na leza kwamba unatumia warfarin, dawa ya kuchelewesha damu kuganda, Kariakoo kwa fundi wa mihuri na vikombe, 25,000 pande zote mbili, inafaa na mimi naoga nayo nalala nayo. Nyota nne kati ya tano, hiyo iliyokatwa ni ya kufuli na nitaieleza. Ile nyekundu ya mpira ya kuagiza mtandaoni nyota mbili. Ile ya kisasa ya kuskani na simu nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi lake, boksi zuri kweli.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na bangili. Mimi nina valvu (mlango wa damu) ya chuma kwenye moyo, upande wa kushoto, ya kwangu iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni kama wengi wetu huku tunaopasuliwa tukiwa bado vijana. Valvu ya chuma maana yake warfarin maisha yote. Hivi vidonge vipya kina rivaroxaban na apixaban, ambavyo mtu humeza bila kukimbizana na INR, kile kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, si vyetu, mwenzao dabigatran ilijaribiwa kwa watu wenye valvu kama zetu na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati coz waliokuwa wanaimeza walipata mabonge ya damu zaidi na pia walivuja zaidi kuliko wenzao wa warfarin. Kwa hiyo tumebaki na kidonge chetu cha zamani. INR yangu inatakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5, mtu asiyetumia dawa yuko kwenye 1 hivi, yani damu yangu inachelewa sana kuganda na ndo inavyotakiwa.

Ukijikata kidole na kisu cha vitunguu hiyo si habari, bana na kitambaa subiri itakata. Habari ni kichwa. Umeanguka na bodaboda, umeinuka, umejipangusa vumbi, watu wanakwambia pole dada na wewe unasema niko sawa jamani, unaenda zako nyumbani kulala, na huku ndani ya fuvu damu inavuja pole pole. Mtu wa warfarin akigonga kichwa anatakiwa hospitali yenye sitiskani, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, hata kama anacheka na kuongea vizuri. Hilo mpita njia hawezi kulijua kwa kukuangalia usoni.

Na kuna lingine ambalo binafsi linanitisha zaidi. Zahanati nyingi ukifika umepondeka, kitu cha kwanza ni sindano ya diklofenaki ya makalioni. Nesi ana nia njema kabisa, anakuondolea maumivu. Ila ukiichanganya na warfarin hatari ya kuvuja tumboni inapanda, alaf sindano yenyewe ya kwenye msuli inaweza kukuachia donge la damu hapo ilipoingia. Ukiwa macho utasema. Ukiwa umezimia nani atasema?

Basi nikaenda kwa fundi. Hawa jamaa wa mihuri, vibao vya ofisini na vikombe vya mpira wengi sa hivi wana mashine ya leza, na bangili za kibao bapa wanazo kwa ajili ya zawadi za wapenzi, zile za majina mawili na kikopa katikati. Nilimwandikia maneno kwenye karatasi, akayasoma, akachukua simu ahakikishe spelingi, kimya kidogo, alaf akainua macho: "Dada, hii mbona ni sumu ya panya?" Na hakukosea! Warfarin iliingia sokoni 1948 kama sumu ya panya huko Marekani, watu wakaanza kutibiwa nayo 1954, na Rais Eisenhower mwenyewe alipewa baada ya shambulio la moyo la 1955. Nikamwelezea, akasema mungu mkubwa, akaendelea na kazi. Nampa alama hapo, mana ni fundi anayekagua herufi kabla hajachoma chuma, wengine wangeandika WAFARINI na hela wameshachukua.

Maandishi sasa, hapa ndo pa kutumia akili kuliko pesa. Kibao ni kidogo, ukijaza habari nyingi herufi zinakuwa za kusomwa na sisimizi. Yangu mbele yanasema NATUMIA WARFARIN, chini yake VALVU YA CHUMA MOYONI. Nyuma: NIKIUMIA KICHWA HOSPITALI HARAKA, DICLOFENAC HAPANA, alaf KAKA na namba ya simu. Jina la kaka sijaweka, mtu anayepiga simu akiwa amechanganyikiwa barabarani anataka kujua anaongea na nani wangu, jina halimsaidii kitu. Na kwa ajili ya daktari nimeacha jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi.

Msiandike WARFARIN peke yake kama mna valvu, hili naomba mlishike. Daktari akikuta mtu wa warfarin anavuja damu kichwani atazima nguvu ya dawa haraka kwa vitamini K na plazma, na ni sawa kabisa, hapo ni kuokoa maisha. Lakini valvu ya chuma ikikaa bila kinga inaweza kukamata bonge la damu na hiyo nayo ni balaa lake, na vitamini K ukipewa nyingi unaweza kukaa siku kadhaa unameza warfarin na INR haisogei. Kwa hiyo anatakiwa ajue mapema kuna chuma humo ndani ili amtafute mtu wa moyo wakae wapange pamoja. Wenzangu mnaotumia dawa kwa ajili ya damu kuganda mguuni au moyo kwenda bila mpangilio nyie mstari mmoja unatosha, ila andikeni jina halisi la dawa mnayomeza, msiandike "dawa ya damu", hiyo inaweza kuwa dawa ya kuongeza damu au ya presha, na namna ya kuzima rivaroxaban si sawa na ya warfarin. Dozi na namba za INR msiweke, zinabadilika, mtakuwa mnabadilisha bangili kila kliniki.

Kufuli. Hii bangili ilikuja na kufuli ya kubana tu, ile ya kusukuma ndani, na ilikuwa inafunguka yenyewe nikivua sweta au nikibeba mtoto wa dada. Siku moja niliikuta kwenye beseni la nguo. Nilirudi fundi akaniwekea ya kulabu kama ya mkufu, 3,000 nyingine, haijafunguka tena. Mwambieni mapema aiweke hiyo na mvute mbele yake. Pia mwambieni leza apitishe mara mbili, akipitisha mara moja inakuwa rangi nyeusi ya juu juu inafifia kwa kusugua vyombo, akirudia inachimba ukipitisha kucha unaisikia. Chuma chenyewe sina lawama, joto letu la Dar na jasho na chumvi ya Kigamboni, hakijashika kutu wala mkono haujawasha. Kuna za bei chini zilizopakwa rangi ya fedha tu, hizo zinachubuka na mkono unageuka kijani, achaneni nazo. Na msiende kwenye fedha au dhahabu! Tusidanganyane, kwenye ajali kuna wanaookoa na kuna wanaokusanya, pochi na simu vinaweza kuondoka kabla wewe hujaondolewa. Bangili ya chuma haina mnunuzi, itabaki mkononi.

Ile ya mpira nyekundu haiumi, ni nyepesi na unaisahau, ila maandishi ya kuchapwa yanatoka, na watu wanajua ni ya kampeni au ya timu. Mgonjwa mwenzangu kliniki aliambiwa "mnyama mnyama" kwenye daladala kama shabiki wa Simba, na ni Yanga damu. Inamfaa mtoto, au mtu anayefanya kazi na mashine ambapo chuma mkononi ni hatari, mradi abadilishe ikianza kufifia.

Ya kuskani ndo iliyonikera. Unajisajili kwenye tovuti yao, unalipia kwa dola kila mwaka, alaf mkononi unabaki na kialama cha miraba miraba na neno moja la Kiingereza. Mwokoaji atoe simu, awe na bando, askani, asubiri ukurasa ufunguke, asome Kiingereza. Nani huyo? Wazo lenyewe la bangili za wagonjwa limetoka Marekani, MedicAlert ilianzishwa 1956 pale Turlock, California, na daktari ambaye binti yake alikaribia kufa kwa mzio wa dawa ya pepopunda, na kule lina mantiki coz wa kwanza kukugusa ni mtu wa ambulansi aliyefundishwa kuangalia mkono na shingo, na kuna namba ya kupiga saa 24. Huku kwetu wa kwanza ni dereva boda, muuza chipsi, au trafiki, na ambulansi yako ni bajaji. Bangili iongee na huyo kwanza, kwa maneno anayoyasoma bila kifaa. Zile zenye nyoka na fimbo si mbaya, mtu wa afya ataitambua ile alama, ila mama mmoja mtaani kwetu aliniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni hirizi.

Kadi ya kliniki ni bure na bangili haiondoi kazi yake, kadi na kale kadaftari ka INR ndo vinabeba dozi, tarehe ya kipimo na jina la kliniki. Wekeni kadi nyuma ya kitambulisho cha NIDA mana watu wakitaka kukujua wataanzia hapo. Na simu nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura zinazosomeka bila kufungua loki, jazeni, ni dakika chache na hamlipi chochote. Kadi nilimwonyesha hata daktari wa meno na mtu wa famasi, mana Flagyl na Septrin zinapandisha INR na hizo ndo dawa tunazopewa kama pipi.

Aibu ya kuvaa iko, sikatai. Kuna watakaotazama na kujijazia ugonjwa wanaoutaka wao. Mimi nikiulizwa namgeuzia kibao asome, inaisha hapo.

Ukienda kuandikisha nenda asubuhi katikati ya wiki, unasubiri nusu saa unaondoka nayo. Ijumaa mchana amefunga yupo msikitini, na msimu wa mahafali ana foleni ya vikombe vya shule mpaka nje, atakwambia njoo kesho na kesho atakwambia kesho.