Gereji ya Unga Limited iliyoniandalia Landrover 110 yangu kuvuta tela

Jumamosi nimeshuka ule mlima wa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu nikiwa na tela nyuma, magunia kumi ya vitunguu vya Mang'ola, gunia moja kama kilo mia hivi, gia ya pili mwanzo mwisho, breki nimegusa mara tatu nne tu na gari imetulia kabisa. Miezi mitano nyuma hii gari nisingeishusha pale hata ikiwa tupu. Ndo maana leo naandika kuhusu gereji iliyoitengeneza, ipo Arusha maeneo ya Unga Limited, uani tu, hata kibao haina.

Gari ni Landrover Defender 110 ya 1995, injini 300Tdi, giaboksi R380, transfa (boksi la pili la gia, linalogawa nguvu mbele na nyuma) LT230. Niliinunua kwa mtu wa Tanga. Akili yangu ilikuwa nichomelewe ndoano ya tela nyuma nianze kazi, basi. Nikafika pale, "Shikamoo mzee, nataka ndoano ya kuvutia tela, itachukua siku ngapi?" Mzee akaitikia marahaba, swali hakulijibu, akachukua nyundo na bisibisi akaingia uvunguni. Nasikia anagonga, ngo, ngo, ngo, halafu ghafla mlio ukabadilika ukawa kama anagonga boksi la maboga. Akaniita niiname. Bisibisi ilikuwa imezama mpaka mpini kwenye ile boriti ya nyuma ya chasisi, pale pale ndoano inapofungwa. Akaniambia, "Mwanangu, hapa ungefunga tela ungeliacha njiani na kipande cha chasisi."

Hapa niseme kitu kwa wenye gari za pwani. Bodi ya Defender sehemu kubwa ni aluminiamu, inang'aa tu miaka yote, lakini chasisi chini ni chuma na chumvi ya bahari inakula kuanzia ndani. Usiangalie bodi, gonga chasisi. Yangu ilibidi boriti ya nyuma yote ikatwe ichomelewe mpya, na walichomelea vizuri sana, mshono umenyooka na ndani walipiga grisi ya kuzuia kutu kabla ya kuziba.

Kilichonifanya niwaamini ni jinsi walivyotafuta ule mlio wa "kwa!" kila ukiachia mafuta. Mafundi wawili wa nyumbani walishaniambia difu (gia za katikati ya eksele) imekufa ninunue nyingine. Huyu mzee hakufungua kitu kwanza, aliegesha gari akaweka mawe kwenye magurudumu, akaweka gia, akalala chini akawa anazungusha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye eksele) kwa mkono mbele nyuma anaangalia inacheza kiasi gani na wapi inaanza kugoma, kama nusu saa nzima. Difu ya nyuma, ile aina ya Salisbury, ikawa nzima. Mchezo ulikuwa kwenye vile vifuniko vya mwisho wa eksele kwenye hab (kitovu cha gurudumu), meno yake yameisha, na sehemu ya pili ndo ilikuwa hatari yenyewe. Alifungua kile kifuniko cha nyuma ya transfa, akanionyesha kwa tochi mahali shafti ya giaboksi inapoingia kwenye gia ya transfa, pakavu kabisa, hamna oili hata tone, na kuna unga mwekundu kama pilipili ya kusaga umeganda kwenye meno. Huo unga ni chuma kinachosagana. Hizi gari za zamani gia ile haipati oili ya kutosha, meno yanalika taratibu mpaka siku moja unaweka gia, injini inanguruma na gari haisogei. Fikiria iwe mlimani na tani moja nyuma yako! Dawa yake ni gia yenye matobo ya kupitisha oili, ndo aliyoniwekea, na kwa bahati shafti yenyewe ilikuwa bado ina meno ya kutosha, ingekuwa imeisha ningefumua giaboksi nzima.

Walipomwaga oili ya giaboksi ikatoka nene, ilikuwa EP90. Kuna mtu huko nyuma aliijaza humo. R380 inataka oili nyepesi, ATF au MTF94, hiyo EP90 ni ya transfa na difu. Ndo maana asubuhi za Karatu na ile baridi gia ya pili ilikuwa inagoma kuingia, na mimi nilishajiandaa kununua giaboksi aisee. Walivyoweka oili sahihi gia ikawa inaingia kwa vidole viwili. Giaboksi wakaishusha wakabadilisha klachi, na ile foki yake (mkono unaosukuma beringi ya klachi) wakaichomelea kipande cha chuma mgongoni kabla ya kuirudisha, maana za 300Tdi zinatoboka pale zinapoegemea, kazi ya dakika kumi inayokuepusha kushusha giaboksi mara ya pili.

Hendibreki pia. Kwenye Defender haishiki magurudumu, inashika propela nyuma ya transfa, sasa oil sili ya hapo ikivuja mafuta yote yanaingia kwenye viatu vya breki, unavuta mpaka juu na gari inateleza. Sili mpya, viatu vipya, imeshika. Bado natembea na mawe mawili kwenye gari, na siinui gurudumu la nyuma kwa jeki bila kuyaweka, kwa sababu gurudumu moja likiwa hewani hiyo hendibreki haikushikii tena.

Walinishauri niweke transfa ya Discovery niende kasi na nipunguze mafuta, hapo nilikataa. Uwiano wa gia wa transfa ya Discovery ni 1.22, yangu ni 1.41, kwa mtu wa kuvuta mzigo hiyo ni kuipunguzia gari nguvu ya kuondokea. Mzee akakubali hoja bila kununa. Alichonifundisha ni kuondokea na gia nzito ya transfa nikiwa mlimani na mzigo, kwenye lami haina shida mradi diflok (kufuli ya difu ya ndani ya transfa) imefunguliwa. Upande wa tela akakataa kufunga waya wa taa mpaka nilete tela lenye breki zake, maana juu ya kilo 750 halitakiwi kuvutwa bila breki, hata kama kitabu cha gari kinasema 110 inavuta mpaka kilo 3,500.

Malalamiko ninayo. Niliambiwa wiki mbili, zikawa tano, na simu hawapokei, ilibidi nipande basi kwenda mwenyewe. Wiki moja iliyeyuka kwa sababu ya beringi za hab kutoka duka moja la spea mjini, boksi la jina kubwa lakini ndani feki, mzee alizizungusha sikioni akazirudisha. Risiti mpaka uombe, na ukiomba wanaandika kwenye karatasi ya daftari. Ufundi nimelipa laki tisa, spea milioni mbili na ushee, na spea kuukuu zote nilikabidhiwa kwenye kiroba nikahakiki moja moja.

Nyota nne na nusu, nusu niliyokata ni ya zile wiki tatu za ziada. Ukienda nenda asubuhi kabla ya saa tatu, mzee mwenyewe anakuwepo, mchana anaenda kwenye magari ya wateja wa porini unabaki na vijana. Vijana ni wazuri kwenye breki na springi, ila transfa msubiri mzee.