Msusi wa Majengo aliyeujulia uso wangu

Uso wangu ni wa duara, mashavu yamejaa, kidevu kifupi. Kwa miaka mingi nimesukwa laini za kurudi nyuma zilizobanwa hadi nyusi zikainuka, na kila nikijitazama kwenye kioo naona shavu tupu. Saluni moja niliyoizoea hata haikuwahi kuniuliza nataka nini.

Jumamosi iliyopita nikaenda kwa mama mmoja anayesukia barazani kwake Majengo. Kabla ya kushika kitana alinishika kidevu, akanigeuza kulia, kushoto. "Mwanangu, wewe hutaki njia ya katikati. Itaukata uso nusu kwa nusu na mviringo uzidi kuonekana." Akaipasua njia kando, juu ya nyusi ya kushoto, akasuka rasta zisizo na fundo: anaanza na nywele zako mwenyewe, kisha anaongeza za bandia kidogo kidogo, kwa hiyo ngozi haivutwi. Zikashuka hadi kifuani, na mbili nyembamba akaziacha zipite mbele ya mashavu. Juu akaacha zinyanyuke kidogo. Uso ukarefuka, wallahi!

Nililipa shilingi 2,500, nywele za bandia nilikwenda nazo. Saa sita nzima kwenye kigoda, mgongo uliuma, na feni hakuna. Nenda asubuhi kabla jua halijapanda. Mwishoni alizichovya ncha kwenye maji ya moto, na wiki nzima ya jasho hazijafumuka. Hata chini ya mtandio zinakaa vizuri.

Nitarudi kabla ya Idi.