Uzoefu wangu na LibreOffice Calc: hesabu za logi kwa wakulima wa mwani

Mwaka wa pili huu naweka hesabu za ukuaji wa mwani za kikundi cha kina mama hapa Jambiani, na kazi yote naifanya kwa LibreOffice Calc kwenye laptopu kuukuu. Naandika kwa ajili ya mtu anayehitaji kupiga logi (logarithimu za shuleni) kwenye lahajedwali na hana wa kumuuliza. Programu yenyewe nimeipenda na nitaendelea nayo. Ila kuna jambo moja kwenye fomula za logi ambalo ningelijua mapema, nisingewapa kina mama takwimu za uongo kwa miezi miwili.

Kwanza nieleze logi inaingiaje kwenye mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wazee wetu wamekilima kwa macho na uzoefu. Sisi tulitaka kujua kamba ipi inakuza vizuri: za karibu na ufukwe, au za kule mbele kwenye maji mengi. Tukachukua vipande 20 vya spinosum, aina ya mwani tunaoulima, kila kimoja gramu 100, tukavifunga uzi mwekundu ili tusivipoteze katikati ya vingine. Baada ya siku 14 tukavitoa, tukavikung'uta maji, tukavipima. Wastani ukawa gramu 250.

Sasa umekua asilimia ngapi kwa siku? Mtu wa haraka atasema: umeongezeka gramu 150 juu ya 100, gawa kwa 14, jibu ni asilimia 10.7. Hesabu hiyo inadanganya. Mwani unakua mwili mzima, na kilichoota jana nacho kinaota leo, kama faida inayorudishwa kwenye mtaji. Ukianza na gramu 100 ukazikuza kwa asilimia 10.7 kila siku, siku ya 14 utakuwa na zaidi ya gramu 410, na mizani yetu haikuona kitu kama hicho. Ndiyo maana wataalamu wa mwani hugawanya uzito wa mwisho kwa uzito wa mwanzo, wakachukua logi asilia ya jibu, kisha wakagawanya kwa siku.

Kwenye Calc hilo ni jambo la mstari mmoja. Uzito wa mwanzo uko safu ya B, wa mwisho safu ya C, siku safu ya D. Naandika =LN(C2/B2)/D2, naipa seli sura ya asilimia, inatoka 6.54%. Naikamata seli kwa ile pembe ya chini kulia, naivuta mpaka mstari wa 21, vipande vyote 20 vimekwisha. Hapo hakuna intaneti inayohitajika, wala malipo. Kwetu hilo ni kubwa, kwa sababu bando tunalinunua kwa mahesabu na umeme ukikatika betri ya laptopu inatosha kumaliza kazi.

Mwanzoni lakini sikuandika LN. Niliandika LOG. Shuleni tulisema "logi" basi, na kitabu cha jedwali la tarakimu nne kilikuwa cha logi za kizio cha 10, kwa hiyo mkono ulienda wenyewe kwenye LOG. Programu haikulalamika, maana hakukuwa na kosa la uandishi. Ikanipa 2.84%. Nikaandika kwenye daftari la kikundi, nikawasomea kina mama kwenye kikao kwamba mwani wetu unakua chini ya asilimia tatu kwa siku.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyelima mwani tangu mimi sijazaliwa, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, huo unaokua hivyo ni mwani wa wapi? Huu wetu bamvua hadi bamvua unazidi mara mbili. Mie naubeba kwa kichwa changu, najua uzito wake."

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu yake. Kama kitu kinakua asilimia 2.84 kwa siku, siku za kuzidi mara mbili ni =LN(2)/0.0284, yaani siku 24 na ushei. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, hadi bamvua nyingine ni kama siku 15. Mama alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Nikaweka fomula mbili ubavu kwa ubavu, LN na LOG, nikagawanya jibu moja kwa jingine: 2.302585, mstari baada ya mstari. Namba hiyo ni logi asilia ya 10. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba LOG bila kuambiwa kizio huchukua 10, na LN huchukua ile namba e, 2.71828 na kuendelea. Kikao kilichofuata niliwasomea takwimu mpya na nikawaomba radhi.

Kwa hiyo, kwa anayeanza: LN(x) ni logi asilia. LOG10(x) ni ya kizio cha 10. LOG(x) peke yake ni sawa na LOG10. Ukitaka kizio kingine unakitaja, mfano LOG(8;2) inatoa 3. Excel na Google Sheets nazo zinakwenda hivyo hivyo, kwa hiyo faili likihama haliharibiki. Wanaoandika makro tu, zile programu ndogo za kuendesha kazi ndani ya faili, ndio wawe macho, kwa kuwa ndani ya Basic, lugha ya makro hizo, neno Log ni logi asilia, kinyume na LOG ya kwenye seli.

Waliosoma kwa jedwali watakutana na jambo jingine. Logi ya 0.25 tulifundishwa kuiandika "bar moja nukta 3979", yaani hasi inakaa kwenye namba nzima peke yake na desimali zinabaki chanya. Calc inatoa -0.60206. Yote mawili ni kitu kimoja, kwa maana hasi 1 ukijumlisha 0.39794 unapata hiyo hiyo, ila mwanafunzi aliyezoea bar anaweza kudhani amekosea. Mdogo wangu wa kidato cha pili alifuta jibu sahihi mara tatu kabla sijamweleza.

Sifuri nayo ina mambo yake. Katika vile vipande 20, vitatu vilipotea: kimoja kilikatika na mawimbi, viwili vililiwa na samaki tasi mpaka ukabaki uzi mtupu. Uzito wake ni 0, na logi ya 0 haipo. Calc huandika Err:502 kwenye seli, na wastani wa safu nzima nao unageuka kosa. Nilishauriwa niifunike kwa IFERROR, fomula inayoweka kitu kingine panapotokea kosa, nikaweka 0 badala yake. Usifanye hivyo. Ukuaji wa 0 maana yake kipande kipo na uzito wake ni uleule, na hicho kimepotea. Sasa naandika =IFERROR(LN(C2/B2)/D2;""), seli inabaki tupu na AVERAGE inairuka. Halafu pembeni naweka =COUNTIF(C2:C21;0) inihesabie vilivyopotea, kwa sababu kikundi kinataka kujua yote mawili: vilivyobaki vinakuaje, na vingapi vimekwenda. Kamba yenye ukuaji mzuri inayopoteza robo ya mbegu haina faida.

Laptopu yetu ilikuja imewekwa mpangilio wa nchi inayotumia mkato kwenye desimali. Ukiandika 2.5 inaonekana kama neno, imeegemea kushoto kwa seli, na LN inakataa. Nilibadilisha eneo kuwa Kiswahili cha Tanzania kwenye mipangilio ya lugha, mambo yakatulia. Majina ya fomula tunayaandika kwa Kiingereza, na hilo halinisumbui, ila maelezo ya msaada ningeyapenda kwa Kiswahili kizuri. Inawezekana kabisa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu ambayo LibreOffice ilichipuka kwayo mwaka 2010. Kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa nguvu zaidi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni grafu. Uzito ukiuchora kawaida unapata mstari unaopinda kwenda juu, na kila mtu anafurahi kwa sababu unapanda. Bofya mara mbili mhimili wa uzito, nenda kwenye sehemu ya vipimo, weka alama kwenye kipimo cha logi. Sasa mwani unaokua kwa kasi ileile unatoa mstari ulionyooka, na ukianza kulegea mstari unainama mbele ya macho yako. Wetu uliinama. Siku ya 14 gramu 250, siku ya 29 gramu 540, siku ya 44 gramu 1,020. Kwa LN, vipindi hivyo vitatu ni asilimia 6.54, kisha 5.13, kisha 4.24. Kwenye grafu ya kawaida usingeona kabisa kwamba kasi inashuka.

Grafu hiyo ndiyo iliyonizuia kutoa ahadi mbovu. Kwa kasi ya wiki mbili za mwanzo, siku za kufika kilo moja ni =LN(10)/0.0654, siku 35. Bamvua za kuvunia zinaangukia siku ya 29 na ya 44, katikati ni maji mafu na shamba halifikiki kwa miguu. Fomula ile ile iliniambia siku ya 44 nitakuta gramu 1,780. Tulikuta 1,020. Mwani ukishanenepa unabanana kwenye kamba, tabaka la juu linaunyima mwani wa ndani mwanga, na kasi inashuka. Kwa hiyo makadirio nayafanya kwa kasi ya kipindi cha mwisho, siyo cha kwanza.

Kina mama wameamua tangu msimu huu kufunga mbegu kwa nafasi ya kutosha zaidi kwenye kamba tano, tano nyingine ziachwe kama zamani. Nimeshafungua ukurasa mpya kwenye faili, safu ziko tayari, LN imeandikwa mpaka mstari wa 21. Nyuzi nyekundu zilifungwa juzi, na bamvua ijayo tunaingia nayo majini mimi na mwenyekiti, yeye akitaja uzito kwa mkono kabla sijaweka kipande kwenye mizani.