Fundi wa kushona Biblia pale Mwanjelwa

Kama Biblia yako imeachia kurasa, usiitupe wala usiifunge kwa mpira. Pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwenye mafundi viatu, kuna mzee anashona vitabu. Hana kibao. Ulizia "mzee wa Biblia", watakupeleka.

Mimi ni mwinjilisti wa Moravian huku Rungwe. Biblia yangu, ile tafsiri ya 1952, ninayo mwaka wa 19 sasa. Kila alfajiri saa kumi na moja nasoma sura tatu, Jumapili tano. Ukienda hivyo sura zote 1,189 zinaisha ndani ya mwaka. Ipo miaka sikumaliza. Mwaka niliomuuguza mama niliishia Ezekieli, Januari nikaanza tena Mwanzo 1. Kila Jumatano naibeba kwenda kwa wagonjwa, na anayeijua masika ya Tukuyu anajua mfuko wa nailoni si kinga. Mwaka huu ikalowa, mgongo ukaachia, Isaya ikagandamana, Ruthu ikanibaki mkononi. Binti yangu akasema, "Mama, si usomee tu kwenye simu?" Simu ninayo, na ndani ya gari nasomea humo. Ila pembeni mwa Zaburi 119 nimeandika majina ya niliowaombea, na wengine tumeshawazika.

Mzee aliifumua yote, mafungu mafungu. Kurasa za Isaya akazibandua kwa kisu butu, moja moja, huku akizipuliza. Palipochanika akabandika ukanda wa karatasi laini kwa gundi ya unga wa ngano. Kisha akaupitisha uzi kwenye nta ya nyuki, akaanza kushona: sindano inaingia mkunjoni, inatokea, ikifika ukingoni inapigwa fundo kwenye fungu la chini. Uzi ukikaribia kuisha anaunga mwingine kwanza, ndipo anaendelea. Nilimwangalia nikakumbuka maombi ya zamu ninayofundisha darasa la kipaimara: Herrnhut, kijiji cha Wamoravian kule Ujerumani, 1727, watu wakapokezana saa kwa saa, mchana na usiku, na zamu ile ikaendelea miaka 100. Vijana huniuliza waliwezaje. Natamani ningewaleta wote wakae pale benchi.

Siku ya pili jioni alikuwa amefika Zaburi alipoona fungu lenye Ruthu limetangulia Waamuzi. Mimi hata nisingegundua. Nikamwambia, "Mzee, acha tu, nitazoea." Akachukua wembe. "Utasomaje Ruthu kabla ya Waamuzi, mama?" Akaukata uzi, akarudi mpaka Yoshua. Kazi ya nusu siku ilikwenda hivyo, na hakulalamika hata neno. Saa kumi na mbili akafunga, akaenda mazoezi ya kwaya. Nililala kwa shemeji Soweto. Asubuhi nilipofika nilimkuta ameshaanza.

Bei ni shilingi 15,000 pamoja na jalada la reksini, na analipwa zote mwanzoni bila risiti. Hilo sikulipenda, afadhali angechukua nusu. Alisema siku mbili, zikawa tatu. Reksini ni nyeusi tu, na zipu ilikuwa ngumu mpaka nilipoipaka mshumaa. Kingo za kurasa hazijanyooka pia, lakini hilo nililitaka mwenyewe: alikuwa ameshaiweka kwenye kisu cha kukatia, akasita, akaniita. "Haya majina yatakwenda." Tukaziacha zilivyo.

Ni wiki ya tano sasa. Nikiifungua inalala bapa mezani, siishikilii tena kwa kikombe, na imeshanyeshewa mara mbili bila ukurasa kutoka. Alhamisi naenda tena na vitabu sita vya nyimbo vya kwaya ya akina mama. Nitawahi Coaster ya alfajiri, maana akishapata kazi tano hapokei nyingine siku hiyo.