Sabuni ya Kununua Mombasa Ukitaka Kupunguza Takataka: Anza na Maji Yako

Malalamiko yanayoletwa na wasomaji ni yale yale. Mtu ameacha chupa za plastiki za sabuni ya vyombo, akanunua sabuni ya mche, na baada ya wiki chache kanzu nyeupe imegeuka kijivu, gilasi zina ukungu, na beseni limeshika utando usiotoka hata kwa kusugua. Anarudi kwenye chupa, akiamini mambo ya kupunguza takataka ni ya matajiri wa Nyali. Mche wenyewe mara nyingi hauna kosa. Ni maji ya kisima.

Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya kisima hupita humo na kubeba chokaa, na kadiri unavyokaribia bahari ndivyo chumvi inavyozidi. Sabuni ya mche ni mafuta yaliyopikwa kwa soda kali. Ikikutana na kalsiamu na magnesiamu hukatika kama maziwa yaliyoharibika. Povu halisimami mpaka chokaa yote iwe imeshiba sabuni, kwa hiyo unamaliza mche haraka, na yale mabonge meupe yanajishikiza kwenye nyuzi za nguo pamoja na uchafu na jasho. Orodha zote za "badilisha hiki kwa kile" hulipita jambo hili, kwa sababu huandikwa na watu wasiooga maji ya chumvi.

Basi kabla ya kununua chochote, pima. Chukua chupa ya nusu lita, ijaze maji nusu, paruza ndani yake sabuni ya mche kiasi cha punje ya mbaazi, funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika. Povu likisimama na maji chini yakabaki karibu safi, una maji matamu. Povu likizama na maji yakawa meupe yenye chembe, hayo ni ya chokaa, yale tunayoyaita ya chumvi. Pima ya bomba peke yake na ya kisima peke yake. Bomba linaloletewa maji ya vyanzo vya Mzima, Marere au Baricho kwa kawaida hutoa povu kuliko kisima cha uani, lakini tangi la juu la nyumba nyingi huwa limechanganywa, na wenye nyumba hawasemi. Wauza maji ndio kabisa: mkokoteni unaitwa "maji matamu" asubuhi, jioni mtungi ule ule unatoa chumvi kwa bei ile ile. Tikisa chupa yako kabla mtungi wa kwanza haujamiminwa.

Kwa wenye maji matamu, namba moja ni mche, na mimi naegemea Menengai bila kuficha. Ni mgumu, haulegei upesi kando ya sinki, na hauachi manukato kwenye sahani. Nunua mche mzima usiofungwa plastiki, utie kikapuni. Kipande cha kukatwa kwa kukadiria ndicho ghali kuliko vyote. Na usome uzito: mingi inayoitwa "ya kilo" imeandikwa gramu 800, kilo imebaki mdomoni mwa muuzaji, pamoja na bei yake.

Usiutumie siku hiyo hiyo. Sabuni mpya ina maji mengi ndani, nawe umeyalipia. Kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, vipange penye upepo bila kugusana, viache wiki mbili au tatu. Vikikauka hudumu zaidi. Kisahani bapa kwa unyevu wetu hakifai, sabuni inalala kwenye dimbwi lake na kuyeyuka. Tumia kifuu cha nazi, upande wenye macho, utoboe lile jicho laini, uondoe nyuzi za nje, kisha ukiweke juu ya mdomo wa gilasi. Maji yanashuka, kipande kinakauka. Vyombo osha kwa dodoki lililopakwa sabuni, masizi ya sufuria kwa makumbi. Dodoki litundikwe, likilala ndani ya sinki linanuka.

Kwa wenye maji ya chumvi, namba moja ni sabuni ya maji ya kupimiwa, ukienda na chombo chako. Hii ya mtaani hutengenezwa kwa ufacid na ungarol, kemikali za kusafisha na kutoa povu, ambazo zinavumilia chokaa kuliko mafuta yaliyopikwa. Usidanganywe ikiwa nzito kama uji. Uzito huo unaletwa na chumvi ya kawaida, na fundi akizidisha chumvi sabuni inarudi kuwa maji na kupata ukungu. Hatari iko kwenye ufacid, ambayo ni asidi: isipotulizwa vizuri kwa soda, inachoma mikono. Paka tone nyuma ya mkono uliolowa, ikiwasha, rudisha. Na hapa wauzaji wananiudhi: unakuja na galoni lako safi, anataka kukutoza chupa hata hivyo, au anakupa ndani ya chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi, aione mtoto adhani ni juisi.

Ukiwa na maji ya chumvi na bado unautaka mche, tuliza maji kwanza. Magadi yanayouzwa Kongowea na Marikiti kwa kupikia maharagwe yanatosha: yaponde, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10, koroga, acha nusu saa, chokaa itulie chini, umimine maji ya juu. Povu likikataa, ongeza nusu kijiko. Yanaondoa chokaa tu, chumvi inabaki. Usiloweke sufuria za alumini humo, zitageuka nyeusi. Kanzu iliyokwisha kuwa kijivu isuuze mwisho kwa ndoo yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, lakini siki na Jik (dawa ya kung'arisha nguo) visikutane kamwe, hutoa gesi ya klorini. Maji ya mvua ya masika, kama una pa kuyakinga, yanashinda yote haya.

Unga wa sabuni: uwe wa katoni, au usinunue. Vipakiti vidogo ni rahisi mfukoni tu. Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 iliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea, vifungashio vya kiwandani vikaachwa, na ndivyo unavyoviona kwenye mitaro ya Kisauni mvua ikinyesha.

Na zile sabuni "asilia" zilizofungwa kwa karatasi ya kahawia na kamba ya katani, zinazouzwa kwa bei ya kilo ya samaki? Ni mafuta na soda vile vile. Ukizipeleka kwenye kisima cha Majengo zitakatika vile vile.