Leza ya bega: fundi rangi nimeijaribu

Miaka 18 ya kupaka rangi dari imenimaliza bega la kulia. Kano ilivimba, ikafika mahali hata shati navalishwa na mke wangu. Kliniki moja ya viungo hapa Mwanza wakanipiga leza, yaani mwanga maalumu wa kutibu, mara 8, dakika chache kila mara, miwani ya kukinga macho usoni. Haiumi wala haichomi. Siku ya kwanza nilidhani mashine haijawashwa! Kufikia mara ya 5 nikaanza kulalia ubavu ule. Ila walinipa pia mazoezi ya mpira wa kuvuta, kwa hiyo sijui nishukuru kipi. Kilichoniudhi: bei waliitaja nikiwa nimeshalala kitandani, shati nimevua, na bima ikagoma kulipa. Kuta napaka. Dari bado namwachia kijana wangu.