Eti Ningenunua Gari Jeupe: Uzoefu Wangu na Maji Yaliyolainishwa

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa imepita miezi kadhaa tangu mashine ya kulainisha maji ifungwe nyumbani kwangu. Aliyeniuzia sitamtaja, kwa sababu sitaki kumtangazia biashara hata kwa ubaya.

Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa habari za maji magumu. Maji ya visima vya Mzakwe hutoka ardhini yakiwa na kalsiamu na magnesiamu, birika huota gamba jeupe, na gari jeusi kama langu likioshwa asubuhi na kuachwa likauke juani, ikifika saa nne linaonekana kama limerashiwa chokaa. Madoa hayo yakizoea jua hayatoki kwa kitambaa. Hung'ang'ania rangi mpaka uite fundi wa polishi.

Muuzaji alikuja na chupa mbili tupu. Moja aliijaza maji ya bomba, nyingine maji yaliyopita kwenye mashine ya maonyesho, kisha akakwangua sabuni ya mche, akatia kiasi kilekile katika kila chupa na kuzitikisa. Ya kwanza ilifanya utando wa kijivu unaoelea. Ya pili ilijaa povu hadi shingoni. Ndipo akatamka: "Mama yangu, kuanzia sasa wewe osha gari, liache hapo juani, ingia ndani unywe chai. Halibaki hata doa." Mimi nililipia maneno hayo, si povu.

Kwa haki, povu lilikuwepo. Siku ya kwanza shampuu kidogo tu ilitosha gari zima, na sponji iliteleza juu ya bodi bila kukwaruza. Nikasuuza, nikaingia ndani kunywa chai kama nilivyoagizwa. Niliporudi, boneti, paa na kioo cha mbele vilikuwa vimejaa madoa meupe.

Nilimpigia simu. Kabla sijalipa, kila mazungumzo yalianza kwa "shikamoo mama yangu". Safari hii shikamoo haikuja. Aliuliza gari langu ni la rangi gani, nikamwambia jeusi, naye akacheka. "Sasa mashine ina kosa gani hapo? Ungenunua jeupe." Akasema ana mteja, akakata simu. Kijana wa rika la kitinda mimba wangu! Angeniambia tu kwamba alikosea, au kwamba hajui, ningemsamehe na pengine ningemwalika hiyo chai.

Kwa kuwa hakutaka kunieleza, nilijieleza mwenyewe. Nilidondosha juani, juu ya boneti, tone la maji ya bomba, tone la maji yaliyolainishwa na tone la maji ya betri, yale yasiyo na madini yanayoongezwa kwenye betri, si tindikali. Yalipokauka, tone la betri halikuacha alama yoyote. Mengine mawili yaliacha duara jeupe, ila duara la maji laini lilifutika kwa kidole kilicholowa, na lile la bomba liligoma. Sababu yake haina uchawi: mashine haiondoi kila kilichomo kwenye maji, bali chembechembe za resini ndani yake hushika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Maji yakikauka, sodiamu hubaki pale pale na chumvi zake, isipokuwa zenyewe huyeyuka upesi zikiguswa na maji. Anayetaka gari lijikaushe bila doa anahitaji maji yaliyoondolewa madini, na mashine yake ni nyingine kabisa. Muuzaji wa vifaa vya maji hawezi kuwa halijui hilo.

Basi nisiwe mkali kupita kiasi. Nikiosha jioni kivulini na kukausha mara moja kwa kitambaa laini, gari linang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa, na fundi wa polishi sijamwona siku nyingi. Nguo zinatakata na birika ni safi. Kuna nyakati nasema mashine ni nzuri, mbaya ni mdomo wa aliyeiuza. Lakini nikikumbuka kwamba nilishawishiwa kwa ajili ya gari, na bado nasimama na kitambaa mkononi kama zamani, huku nikinunua chumvi ya kusafishia resini na kukinga yale maji ya chumvi yanayotoka wakati huo yasiende kwenye mchicha, sifa zote zinayeyuka. Kwa gari peke yake, siipendekezi. Kwa nyumba nzima, labda, mradi ununue kwa mtu mwingine.

Majuzi alinitumia ujumbe wenye shikamoo tatu akiuliza kama chumvi imeniishia. Imeisha, nami nimenunua kwa jirani yake wa duka la pili.